Damu Katika Choo: Musifiche, Musishitaki Jirani

Mwezi huu tutaje jambo ambalo wengi wanaonea haya: mtu anaenda choo, anaona damu. Mmoja anasema ni amibe, mwingine anasema ni sumu, na jamaa inaanza kumtafuta mwenye hatia kati ya majirani. Mara nyingi ni ugonjwa mdogo. Lakini wakati mwingine ni kansa ya utumbo mkubwa, na siku zinazopotea katika ugomvi, kansa haizingojei.

Inatoka wapi? Mwili umejengwa kwa seli ndogo sana. Ndani ya seli muna kromosomu 46, yaani 23 za baba na 23 za mama. Hizo ndizo zinaiambia seli namna ya kukua na wakati wa kusimama. Seli ikijigawa vibaya, kipande cha kromosomu kinaweza kupotea, kuzidi ao kuhama. Katika kansa ya utumbo mkubwa, mara nyingi vipande vya kromosomu ya 17 na ya 18 vinakosekana. Juu ya ile ya 17 kuna amri ya kuzuia seli iliyoharibika. Amri ikipotea, seli ni kama gari bila breki.

Mfano mmoja ulionekana karibu nasi, Kampala. Mwaka 1958 muganga Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago alieleza kansa ya mataya ya watoto. Mwaka 1976 wataalamu walitambua kwamba ndani yake kipande cha kromosomu ya 8 kimehamia kwenye ya 14. Hakuna jirani aliyekihamisha! Burkitt huyo huyo aliona pia kwamba watu wa vijijini, wenye kula maharagi, mboga na nafaka isiyokobolewa, walipata kansa ya utumbo mara chache.

Na inaeneaje? Ninyi wa Kituku mutaelewa upesi. Mizigo ya Minova inafika kwanza bandarini, kisha inasambaa mjini. Vivyo hivyo damu ya utumbo inapita kwanza katika maini. Ndiyo maana seli zilizotoroka mara nyingi zinajenga hapo, kisha mapafuni. Lakini mwanzoni ni kinyama kidogo tu utumboni, na kwa kawaida kinachukua miaka mingi mbele ya kugeuka kansa. Kikiondolewa mapema, mambo yanaishia hapo.

Basi, ukiona damu, ao choo kimebadilika kwa majuma kadhaa, ao unakonda na kuishiwa damu bila sababu, unapashwa kwenda kwa muganga. Dawa ya amibe isipokusaidia, rudi, usinunue ingine sokoni. Kama baba, mama ao ndugu yako aliugua kansa hii, mwambie muganga, kwani jamaa zingine zinarithi hatari hiyo. Vijana, acheni tumbako na pombe, musidharau sahani ya maharagi.

Na wewe mzazi, mgonjwa akikuambia siri hii, usiulize nani amemtegea. Uliza ameanza kuona damu tangu lini, kisha umsindikize hospitalini.