Majenerali wanarudi kwao, wakaaji wanabaki

Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazil aliongoza askari wa MONUSCO tangu 2013 hadi 2015. Chini yake, brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ilisaidia FARDC kuishinda M23 Novemba 2013. Mwaka 2019 akawa waziri kwao, kwa miezi michache tu.

M23 imerudi. Hapa Bunia tungali tunapokea wanaokimbia Djugu na Irumu. Ushindi ulipatikana, amani haikujengwa. Kazi hiyo si ya mgeni, hata akiwa hodari. Ni ya serikali yetu: ilinde barabara na vijiji, ilipe askari wake kwa wakati, na iwapeleke mahakamani wanaoua raia.