Tusome rejista za simu zetu mbele ya kunyoosheana kidole

Vijana wenzetu, wanamemba na marafiki wa harakati,

Leo hatuandiki juu ya barabara wala mishahara ya walimu. Tunaandika juu ya kosa letu sisi wenyewe.

Mwezi uliopita tulipanga kukaa mbele ya ofisi moja kudai maji katika kartie. Saa na mahali vilijulikana tu ndani ya kikundi chetu kidogo cha WhatsApp, watu 12. Tulipofika, jeep ilikuwa tayari inatungojea. Ilikuwa mara ya tatu. Kesho yake kila mtu alianza kumwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni: nani anatuuza? Kamarade mmoja alitajwa mbele ya wote, eti juu kaka yake anafanya kazi ya serikali. Alitoka kikundini akilia.

Hakuwa yeye. Siku chache kisha, kamarade mwingine, yule aliyelala kashoti siku mbili kisha maandamano ya kwanza, alifungua WhatsApp yake akaingia pale palipoandikwa "Appareils connectés". Akakuta kompyuta moja, imetumika mara ya mwisho saa nane za usiku. Yeye hana kompyuta. Hajawahi kuwa nayo.

Zile siku mbili simu yake ilibaki mikononi mwa wale waliomkamata, na haikuwa na kode ya kuifunga. Kuunganisha kompyuta ni kazi ya sekunde chache: simu inapigishwa picha ya ile alama ya mraba kwenye skrini, imekwisha. Tangu hapo kompyuta inasoma kila kitu, na simu yenyewe inaendelea kama kawaida. Hatuwezi kuapa nani alikuwa nyuma ya ile kompyuta. Lakini mlango tumeuona, na ulikuwa wazi wiki sita. Rejista ilikuwa pale siku zote. Hakuna aliyeisoma.

Kuko wenzetu wanasema: "Sisi tunatembea bila silaha, mchana, hatuna la kuficha." Ni kweli, matendo yetu hayana siri. Lakini simu zetu zinabeba pia yale yasiyo yetu. Mama aliyetutumia picha za askari wanaotoza pesa kwenye kizuizi. Mfanyakazi aliyetupa karatasi ya hesabu. Namba za watu, majina, nyumba tunamolala. Wale walituamini. Ukiacha konti yako wazi, si wewe peke yako unayeonekana.

Na sheria iko upande wetu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano ya kila mtu. Lakini huwezi kudai haki yako ilivunjwa kama hata hukujua ya kwamba kuko mtu aliingia.

Kwa hiyo, kila siku ya Mungu jioni, kila mwanamemba achukue dakika tano. WhatsApp kwanza. Inaruhusu vifaa 4 zaidi ya simu yako, na vinajikata vyenyewe kama simu haikutumika zaidi ya siku 14. Nani kati yetu anakaa siku 14 bila WhatsApp? Basi usingojee kijikate, kikate wewe. Kisha Facebook, Telegram na Gmail: zote zinaandika simu au kompyuta gani imeingia, lini, na karibu na mji gani. Google inaonyesha vifaa vya wiki chache za mwisho. Wale wanaoshika ukurasa wetu wa Facebook wahesabu pia majina ya wasimamizi. Aliyeacha kazi hiyo, tumtoe kwenye orodha, bila ugomvi.

Msishtuke mbio. Mji unaoandikwa pale ni wa kukisia: simu iliyoko Bukavu inaweza kuonekana sawa vile iko Kinshasa, na ukitumia VPN unaweza kuonekana Ulaya. Angalieni zaidi aina ya kifaa na saa. Je, hii simu ni yangu? Saa hiyo nilikuwa macho? Simu niliiacha wapi: kwa mtu wa kuchaji, kwa depanere, kwa rafiki?

Ukikuta kitu usichokijua, usikate kwanza. Piga picha ya skrini, juu ukikata, alama inapotea na ushahidi unakwenda nayo. Kisha kata. Kisha badilisha neno la siri, weka ile namba ya siri ya tarakimu 6 ya WhatsApp, na funga simu kwa kode. Na uambie wenzako uso kwa uso, si ndani ya kikundi kile kile kinachosomwa. Aliyekamatwa, siku anarudishiwa simu yake, tukae naye tuikague pamoja mbele haijarudi kwenye vikundi.

Hapa tunafika kwenye jambo gumu zaidi. Yule kamarade aliyekuta kompyuta alinyamaza siku nne mbele ya kutuambia. Aliogopa kuitwa msaliti, sababu aliona tulivyomfanyia mwenzake. Siku nne, na watu waliendelea kuandika mule ndani. Kumbe hofu yetu sisi kwa sisi iliwasaidia waliotusoma kuliko ile kompyuta. Tangu leo, anayeleta habari ya konti yake kuingiliwa anapokelewa kwa shukrani, haulizwi kwa ukali. Na hakuna jina la mtu litakalotajwa mbele ya rejista kusomwa.

Kwa yule tuliyemtaja bila haki: tulikukosea. Tulikuja kwenu kukuambia, na tunaandika hapa ili wote waliosikia jina lako wasikie na hili. Nafasi yako iko.

Maji bado hayajafika kwenye kartie. Tutarudi mbele ya ile ofisi.