Umetahiriwa, Sawa. Umepima Lini?



Kuna maneno hayaishi maskani jioni miraa ikishashika: "Ukimwi ni wa wale hawajatahiriwa. Sisi Waislamu hiyo kitu tulimaliza tukiwa watoto." Na anayesema ni kijana wa madrasa. Leo tunaongea na wewe unayesema hivyo, na wewe unayenyamaza akisema.

Ukweli kiasi upo. Majaribio matatu, Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu hapa kwetu na Rakai Uganda, yalionyesha tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa asilimia 50 hadi 60 hivi. La Kisumu na la Rakai yalisimamishwa kabla ya muda, Desemba 2006, maana matokeo yalikuwa wazi na haikuwa haki kuwaacha wengine wakingoje. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na 2008 serikali ikaanza Nyanza. Wazee wa Kijaluo walisita, Raila Odinga akaunga mkono hadharani, vijana wakajitokeza kwa wingi. Sisi tulikuwa nayo tangu Nabii Ibrahim (A.S.), na kwa madhehebu yetu ya Shafi ni wajibu. Alhamdulillah.

Lakini soma hesabu vizuri, ndugu yangu. Kupunguza si kuzuia. Na hesabu yenyewe ni ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke, basi. Utafiti mwingine wa Rakai uliangalia wanaume waliokuwa tayari na virusi: kutahiriwa kwao hakukuwakinga wake zao. Sindano ya kudungana mihadarati nayo haiulizi kama umetahiriwa. Isiolo ni mji wa barabara, malori ya Moyale yanapita hapa usiku na mchana, na yanayofanyika tunayajua wote. Zinaa ni haramu hata kama hakungekuwa na ugonjwa wowote. Ila ukishateleza, usijidanganye kwamba tohara ya utotoni imekufunika.

Tena wembe. Kama mtaani kwenu watoto bado wanapangwa foleni kwa ngariba mwenye wembe mmoja, mpeleke mdogo wako hospitali. Sunna ni ile ile. (Na asije mtu akatumia haya kutetea ukeketaji wa wasichana. Hauzuii virusi, na sheria ya 2011 imeupiga marufuku.)

Kuna jirani zetu Waturkana, ambao tohara si desturi yao, na wengine wamesilimu wakiwa watu wazima. Mtu anataka kwenda kutahiriwa, anaogopa vicheko vyetu. Huo utani uacheni. Inaitwa ya hiari kwa sababu: mwaka 2008, baada ya uchaguzi, kuna wanaume Wajaluo walitahiriwa kwa nguvu Naivasha na Nakuru. Ile haikuwa afya, ilikuwa ukatili.

Sasa nikaha. Wachumba wakikubaliana kupima pamoja kabla ya ndoa, sisi tunaunga mkono kabisa, hata tunawasukuma. Lakini sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza mtu yeyote kukulazimisha upime ndipo uoe, uajiriwe au upate nafasi ya shule. Majibu yako ni siri yako. Daktari hana ruhusa ya kumwambia baba mkwe bila idhini yako. Na ukikutwa na virusi, dawa zipo. Anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kitandani, na anaweza kuoa na kuzaa.

Aliyelazimishwa kupima, au majibu yake yakatangazwa, asikae na uchungu peke yake. Sheria hiyo hiyo iliunda mahakama maalum ya kesi za Ukimwi. Tuandikie inbox, jina lako halitatoka, tukuonyeshe pa kuanzia.