Mwenzako Akisema Anataka Kuhakiki Filamu

Hebu fikiria uko zako Mbinga mjini, umerudi kazini, mwenzi wako anakwambia: "Nataka kazi yangu iwe kuhakiki filamu na kuandika historia yake." Utacheka? Au utauliza kodi ya nyumba atalipa nani? Swali ni halali kabisa.

Lakini kabla hujamkatisha tamaa, mwangalie Mtanzania Martin Mhando. Alianza na kamera. Mwaka 1986 alishiriki kuongoza Mama Tumaini, kisha Maangamizi (2001), aliyoiongoza pamoja na Ron Mulvihill, ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar. Akafundisha Chuo Kikuu cha Murdoch, Australia, akaongoza tamasha la ZIFF Zanzibar kwa miaka kadhaa, tena akahariri jarida la kitaaluma la sinema za Afrika lililoanza mwaka 2009. Umeona? Hiyo si kazi moja, ni kazi nne zilizoshikana mikono.

Sasa kwa nini mtu ahangaike hivyo? Wamatengo wanajua. Milimani kwao huchimba ngoro, vile vishimo vinavyozuia mvua isisombe udongo. Mhakiki anafanya hivyo hivyo kwa kumbukumbu zetu. Ukishuka mpaka Mbamba Bay au Liuli, nani ataandika habari za vibanda vya video? Nani alileta jenereta? Kiingilio kilikuwa shilingi ngapi? Wasichana waliruhusiwa kuingia? Mikanda inaharibika na waliotazama wanazeeka. Mwanahistoria Mmarekani Laura Fair aliwauliza watazamaji wa miji yetu kuhusu majumba ya sinema, kikatoka kitabu, Reel Pleasures (2018). Ya ziwani kwetu atauliza nani, kama si huyo wako?

Kwa hiyo muwekeane makubaliano. Kazi ya mshahara asiiache kwanza. Mpe Jumamosi zake na daftari, tazameni filamu pamoja, mbishane, halafu aandike. Kahawa haizai mwaka ule ule uliopandwa. Mkulima husubiri kama miaka mitatu. Na nyinyi subirini hivyo, kisha kaeni chini mpige hesabu bila kununiana.

Ila akianza kutumia hela ya kodi kununulia televisheni kubwa "kwa ajili ya utafiti", mwenzangu, usisubiri miaka mitatu. Itisha kikao usiku huo huo!