Likizo ya kulipia kila kitu pamoja: Je, mlo wake unaifaa familia?

KWA familia nyingi zinazosafiri kwa basi kutoka Mombasa, likizo ya Lamu huanzia Mokowe, mahali ambapo barabara ya bara hukomea. Baada ya safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Malindi, Garsen na Witu, watoto hushuka wakiwa na njaa na uchovu, nao wazazi huanza kupiga hesabu: nauli ya boti hadi kisiwani, ujira wa mchukuzi, maji ya chupa, chakula cha mchana, kisha cha usiku. Kwa kawaida hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo katika bei ya chumba.

Ni katika hesabu hiyo ambapo mvuto wa likizo ya malipo ya jumla huonekana. Familia hulipa mara moja, kabla ya kutoka nyumbani, na malipo hayo yakagharamia malazi, milo yote, vinywaji na michezo ya watoto. Mfumo huo umezoeleka Diani na Watamu, na vilevile Kiwengwa kisiwani Unguja, ambako hoteli kubwa zilijengwa zikiwalenga watalii kutoka Italia. Lamu bado haujashika mizizi. Vichochoro vya Mji wa Kale, uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, havina nafasi ya hoteli ya vyumba mia tatu, na nyumba za wageni zenye vyumba kumi au kumi na viwili haziwezi kuandaa meza ya vyakula aina hamsini kila jioni.

Hata hivyo, suala hilo limeanza kubisha hodi upande wa bara. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Machi 2, 2012 na Rais Mwai Kibaki pamoja na viongozi wa Ethiopia na Sudan Kusini, haukuwa wa bandari, reli na bomba la mafuta pekee. Ndani yake mlikuwa na mpango wa kujenga miji mitatu ya kitalii: Isiolo, kando ya Ziwa Turkana na Lamu. Gati la kwanza la bandari, lililoko Kililana karibu na Mokowe, lilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta Mei 20, 2021. Mji wa kitalii umebaki zaidi katika michoro. Ukijengwa siku moja, hautajengwa katika vichochoro vya kisiwani bali bara, kwenye ardhi pana, na ardhi pana ndiyo ambayo hoteli za malipo ya jumla huitaka.

Kwa hivyo, inafaa kuuliza mapema iwapo aina hiyo ya likizo inazifaa familia, hasa kwa upande wa chakula, kwani chakula ndicho sehemu kubwa ya kile kinachouzwa.

Faida zake si za kubezwa. Mzazi mwenye watoto watatu anajua jinsi aiskrimu na soda zinavyoweza kumaliza bajeti ya siku kabla ya saa nane mchana. Anayejua gharama yote tangu mwanzo hulala usingizi. Aidha, kwa akina mama wengi hii ndiyo wiki pekee katika mwaka ambapo hakuna anayewauliza leo kuna nini jikoni. Wanaoishutumu likizo ya namna hii kwa kuwa imekosa ladha ya mahali mara nyingi ni watu ambao nyumbani hawapiki.

Tatizo ni kwamba familia hulipia chakula kingi kuliko inavyoweza kula. Baba, mama na watoto watatu wakikaa siku saba hulipia milo 105, hata kama watoto hutozwa nusu. Mtoto wa miaka minne atakula chipsi na ndizi. Mwenye miaka saba atalala kabla ya chakula cha usiku baada ya kushinda majini. Siku ambayo familia itapanda jahazi kwenda kutazama magofu ya Takwa, mlo wa mchana utaachwa hotelini ukiwa umeshalipiwa. Na mzazi aliyekwisha kulipa huona uchungu kuacha. Matokeo yake ni kwamba safari hufutwa, familia hushinda kati ya bwawa na meza, na watoto hurudi nyumbani wakiwa hawajaingia katika mkahawa hata mmoja wa watu wa pwani.

Kile kilichomo mezani nacho kina mantiki yake. Mpishi anayelisha watu mia sita kutoka nchi kumi huchagua vyakula visivyomkera yeyote: viazi vya kukaanga, tambi, kuku wa kuchoma, soseji, saladi. Chakula cha pwani hutengewa usiku mmoja kwa wiki, wahudumu wakavalishwa kanzu na kofia, na pilau ikapakuliwa kama onyesho. Mtoto kutoka Nyeri au Kisumu anaweza kukaa wiki nzima kando ya Bahari Hindi asionje samaki wa kupaka.

Usalama wa chakula ni jambo jingine, nalo linawahusu watoto zaidi ya watu wazima. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na kwamba chakula cha moto kidumishwe katika nyuzi zaidi ya 60. Katika joto la pwani, meza ya kujipakulia inayofunguliwa saa sita unusu na kufungwa saa tisa huhitaji usimamizi mkali, hasa kwa wali, mayai na samaki. Hoteli nyingi hulimudu hilo. Lakini mlo wa mwisho wa saa ni tofauti na wa mwanzo, na mzazi mwenye mtoto mdogo afadhali aende meza inapofunguliwa, au aombe sahani ipikwe upya. Hoteli inayokataa ombi hilo imekwisha kujieleza.

Kisha kuna sukari. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari. Miongozo ya WHO ya mwaka 2015 inataka sukari iliyoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku. Kwa mtoto mdogo, chupa moja hukaribia kiwango hicho na ya pili hukivuka. Pale vinywaji visipokuwa na bei, hakuna anayehesabu chupa.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni wengi wa wenyeji wa Lamu na Garissa na wakazi wengi wa Eastleigh jijini Nairobi, swali huwa zito zaidi. Nyama ya ng'ombe na ya mbuzi inayouzwa pwani kwa kawaida huchinjwa kwa kufuata sheria, na wapishi wengi ni Waislamu. Hata hivyo, pale meza moja inapobeba soseji za nguruwe na za ng'ombe, koleo moja likahama kutoka sinia hadi sinia, hakikisho la mpishi halitoshi. Isitoshe, bei ya jumla aghalabu hujumuisha pombe. Familia isiyokunywa huwa inachangia bili ya baa ya jirani yake, jambo ambalo ni vigumu kulipata katika tangazo lolote la hoteli.

Lamu ina jibu lake la zamani, nalo linafanana na malipo ya jumla kuliko inavyodhaniwa. Mjini Lamu na katika kijiji cha Shela, nyumba za kukodisha kwa kawaida huja na mpishi na mtunza nyumba. Asubuhi mpangaji humpa mpishi fedha za sokoni, naye hurudi na kile kilichovuliwa usiku. Mchana familia hula wali wa nazi na samaki wa kupaka, au mchuzi wa kamba kwa mkate wa mofa, pamoja na sharubati ya ukwaju au ya embe. Mtoto hutolewa miba na kutengewa mchuzi usio na pilipili. Anayedhurika na kamba au njugu humweleza mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye anayepika. Chakula kisicholiwa hakinunuliwi kesho.

Mwezi wa Ramadhani mpango huu huonyesha thamani yake zaidi. Mikahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, ilhali mtoto wa mgeni huendelea kuhisi njaa saa saba kama kawaida.

Lakini si vyema kuipamba nyumba ya Shela kupita kiasi. Lazima mtu aamue kitakachopikwa na ahesabu chenji, na mtu huyo kwa kawaida ni mama yule yule aliyekuja kupumzika. Ngazi za nyumba za kale ni nyembamba na za wima, madari ya juu mara nyingine hayana kingo za kutosha, na mzazi wa mtoto anayejifunza kutembea hawezi kumwacha peke yake hata dakika moja. Hakuna mlinzi wa waogeleaji wala muuguzi wa hoteli. Gharama nazo hazijulikani hadi mwisho, hasa pale mwenye nyumba asipoeleza bayana ikiwa ujira wa mpishi umo katika kodi.

Kwa uzani huo, malipo ya jumla yanaifaa familia yenye watoto wadogo sana, inayokaa siku tatu au nne, na isiyo na nia ya kutoka nje ya lango. Kwa wiki nzima na watoto wanaoweza kutembea mji, nyumba yenye mpishi ni bora, au hoteli inayotoza malazi pamoja na milo miwili tu, ya asubuhi na ya usiku, na kuacha mchana huru. Mpango huo wa milo miwili haupigiwi debe sana, ingawa huenda ndio unaoifaa familia ya kawaida kuliko yote.

Mfumo wenyewe haukuanza na meza zilizofurika. Gérard Blitz alipoanzisha Club Med kisiwani Mallorca mwaka 1950, wageni walilala katika mahema na kula pamoja kwenye meza ndefu. Hata baadaye, vinywaji vya baa vililipiwa kando, kwa shanga ambazo wageni walizivaa. Wazo la kwamba kila kitu kiwe tele, wakati wote, lilikuja kwa ushindani wa makampuni ya usafiri.

Athari zake kwa wanaoishi nje ya lango zimewahi kuishughulisha serikali ya Afrika Magharibi. Mwaka 1999 Gambia ilipiga marufuku likizo za malipo ya jumla baada ya wenye mikahawa na madereva wa teksi kulalamika kwamba wageni hawatoki hotelini. Makampuni ya kitalii ya Ulaya hayakufurahia, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka uliofuata. Nchi inayotegemea wageni wanaoletwa na makampuni machache haina ubavu wa kuyaamuru baada ya hoteli kujengwa. Masharti hutolewa kabla ya kiwanja kugawiwa.

Hilo ndilo linaloihusu Mokowe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari. Watu hao waliopoteza sehemu za kuvulia wangetarajiwa kuwa wa kwanza kuuzia mji wa kitalii samaki. Wakulima wa Mpeketoni, Hindi na Witu, ambao maembe yao hukosa soko msimu unapofurika, wangetarajiwa kuuza matunda. Mikahawa inayozunguka gati la Mokowe, inayouza mahamri, mbaazi na samaki wa kukaanga kwa abiria, ingetarajiwa kupata wateja wapya.

Hakuna linalohakikisha hivyo. Hoteli ya malipo ya jumla hutaka kilo nyingi za samaki wa ukubwa mmoja kila siku ya mwaka, kwa bei iliyokubaliwa miezi kadhaa mapema. Mvuvi wa Lamu ana samaki wa aina kumi leo na pengine hana kitu kesho. Anachouza kwa bei nzuri, kama vile kambakoche wa Kizingitini, hakiwezi kuwekwa kwenye meza ambayo kila mtu anajipakulia bila kikomo.

Njia za kupunguza pengo hilo zipo. Kaunti inaweza kudai kwamba sehemu fulani ya chakula inunuliwe ndani ya Lamu, na kwamba bei ya jumla iwe na kuponi za milo kadhaa inayoweza kuliwa katika mikahawa ya Mokowe au mjini Lamu. Familia ingebaki na uhakika wa gharama, nao watoto wangekula mahamri yaliyotoka mafutani muda huo huo. Mwenye hoteli angepoteza kidogo, ndiyo maana hatalipendekeza mwenyewe.

Kilichobaki ni suala la barafu. Upepo wa kusi huanza kuvuma mwezi Aprili na kwa miezi kadhaa bahari huchafuka, mashua ndogo zikabaki ufuoni. Bila ghala la baridi la kuhifadhi samaki wanaovuliwa wakati wa kaskazi, pamoja na utaratibu wa kuwalipa wavuvi papo hapo, hoteli yoyote itakayojengwa upande huu wa bara itaagiza samaki wa kugandishwa kutoka Mombasa. Watafika Mokowe kwa lori, kwa barabara ile ile iliyowaleta wageni.