RUHUSA HAIHITAJI DOLA



Hapa Kiwanjani kuna nyumba zenye jamaa Dadaab au Kakuma, na tangu Januari 2025 swali kwenye simu ni lilelile: safari itarudi lini? Tarehe 20 mwezi huo Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku hiyo hiyo akafunga mpango wa kupokea wakimbizi. Watu waliopita usaili, wakapimwa afya, wakauza vyombo, wakaambiwa safari imefutwa. Mwezi Mei tukaona Wazungu wa Afrika Kusini wakipokelewa Marekani kwa vibendera. Oktoba idadi ya mwaka mzima ikashushwa kutoka 125,000 hadi 7,500, na hao Wazungu ndio wa kwanza kwenye foleni.

Haya, Trump tumemlaani vya kutosha. Tuongee kuhusu Nairobi.

Pesa za WFP zilipokauka, chakula cha mkimbizi kilishuka hadi asilimia 28 ya kinachotakiwa. Kakuma watu wakaandamana. Machi 2025 Rais alikuwa amezindua Mpango wa Shirika, ati kambi ziwe miji. Mpango mzuri kwenye karatasi, lakini unangoja mfuko wa mfadhili, na mfadhili ndiye huyo aliyefunga mfuko.

Sasa niambieni: kumruhusu mtu atoke kambini akafanye kazi kunagharimu dola ngapi? Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa haki ya kufanya kazi na biashara. Bunge letu ndilo lililoipitisha, si Marekani. Lakini kibali cha kazi anakifuata miezi na miezi, na bila karatasi ya safari hapiti kizuizi cha polisi. Akina mama wa Isiolo wanapakia maziwa ya ngamia kwenye basi mpaka Eastleigh, wanasomesha watoto. Mama wa Dadaab anajua ngamia kama wao. Yeye anapangwa foleni ya mahindi.

Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina, Saad bin Rabii alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Alimuombea baraka, akaomba kuonyeshwa soko tu. Madina haikumwekea uzio.

Najua kuna atakayesema: sisi wenyewe tulihamishwa kupisha uwanja wa ndege, plot tunadai mpaka leo, halafu unatuletea habari za wageni? Walai ni swali la haki. Lakini aliyekunyima plot si mkimbizi. Ni ofisi ile ile inayomzuia yeye asifanye kazi, na inapenda sana nyinyi wawili mgombane.

Halafu mkumbuke Kasarani, Aprili 2014. Msako ulikuwa wa wakimbizi, lakini waliojazwa uwanjani walikuwemo Wasomali wenye vitambulisho vya Kenya. Uzio wa mkimbizi ukiachwa usimame, siku moja utajikuta ndani na ID yako mfukoni.

Kwa hivyo tusingoje Washington. 2027 wagombea watakuja Kiwanjani, watakaa kwenye viti vya plastiki, wataomba dua. Mmoja wenu asimame aulize: mheshimiwa, sheria ya 2021 mliipitisha wenyewe, mbona mkimbizi bado anaomba karatasi ya kwenda sokoni? Na kwenye bajeti ya Kenya, si ya wafadhili, mmemtengea shilingi ngapi? Akianza kutaja wafadhili, mrudishie swali.