Si kila mlio wa breki ni pedi kwisha
Kelele ya breki kwenye gari la haibridi, mfano Toyota Prius au Aqua, haitokani na pedi kwisha tu. Dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka jenereta, hupunguza mwendo na kuchaji betri. Mvumo mwembamba unaosikika hapo ni wa mota hiyo, wala si ubovu. Pedi hushika hasa gari linapokaribia kusimama au breki inapokanyagwa ghafla, ndiyo maana kwenye foleni ya malori kutoka Vwawa kuelekea Tunduma, mwendo wa kusota, ndizo zinazosikika. Kwa kuwa hazitumiki sana, msimu wa mvua diski hushika kutu: asubuhi husikika mkwaruzo, kisha hupotea baada ya kufunga breki mara chache. Mkwaruzo usiopotea ni jambo jingine. Hapo pedi zimekwisha kweli, au (na hili mafundi wengi hulipita) pini za kalipa zimekwama kwa kukosa grisi, pedi moja ikalika, nyingine ikabaki nzima. Wanaoshauri diski zipakwe oili wasisikilizwe kabisa. Oili huondoa mlio pamoja na breki yenyewe.